Kushika na Kuachia

Gari, lilipofika Unguja, lilirithi maneno mengi kutoka baharini. Aliendeshaye hushika usukani, na usukani ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari. Hupakia abiria, hutoza nauli, na akifika aendako huegesha, kama jahazi lilivyokuwa likiegeshwa Malindi kabla mtu yeyote wa hapa hajaona gurudumu la mpira. Kwa breki, hata hivyo, bahari haikuwa na neno la kutoa, kwani chombo hakisimamishwi kwa kukamatwa. Nahodha hutua tanga, hutia nanga, kisha hungoja. Na maji humpa nafasi ya kungoja. Barabara haina subira hiyo. Basi neno likakopwa kwa Waingereza, na Waswahili wakalivisha vitenzi vyao wenyewe: breki hukanyagwa, hushika, hufungwa, na siku ya nuksi hufa. Kuachia hutajwa kwa nadra, ilhali breki isiyoachia ni mbovu sawasawa na ile isiyoshika.

Maalim mmoja mstaafu wa Mji Mkongwe alilitambua jambo hilo kwa pua yake. Ilikuwa masika ya mwaka 2018, naye alikuwa akitoka Makunduchi kuja mjini, mama yake amekaa kiti cha nyuma na bakora yake magotini. Walikuwa wamekwisha kuyapita matuta ya Jozani, yale yaliyowekwa barabarani ili magari yasiwaue kima punju wavukao kutoka upande mmoja wa msitu kwenda wa pili. Kila tuta lilikuwa limemtaka akanyage breki, naye alikanyaga. Harufu ilianza nyuma yao, kali, ya kitu kiunguacho ambacho si kuni wala si taka. Alidhani ni ya shambani. Walipofika Tunguu ilikuwa bado ingali pamoja nao, na gari lilikuwa likienda kwa uzito, kana kwamba limefungwa kamba na mtu asiyetaka liende. Akaliweka kando, akashuka, akalizunguka. Rimu ya nyuma ya kushoto ilikuwa na joto la kawaida. Ya kulia alipoigusa, mkono ulirudi wenyewe kabla hajauamuru.

"Kuna nini?" mama yake aliuliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu, mama."

"Basi mbona unajipuliza vidole?"

Yafaa ielezwe kwa nini Maalim alikuwa na gari hata kidogo, kwani mkaazi wa Mji Mkongwe hana haja nalo. Vichochoro vyake havipitishi gari. Sokoni Darajani huendwa kwa miguu, msikitini kwa miguu, mazikoni kwa miguu. Gari la Maalim, Toyota Mark II iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, lililala Malindi kwenye kiwanja cha wazi karibu na bandari, na kazi yake ilikuwa moja: kumleta bi mkubwa kliniki ya presha katika hospitali ya Mnazi Mmoja kila mwezi, na kumrejesha kwao. Bi mkubwa alikuwa amekwisha kuipita miaka 80. Kwa muda mrefu mwanawe alikuwa akimtaka ahamie mjini. Aliwahi kukubali mara moja, akakaa miezi mitatu katika chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha linalotazama paa la jirani, kisha akaomba arudishwe. Hakutoa sababu ila moja, kwamba hana pa kukanyaga udongo. Makunduchi alikuwa na makumbi yake yaliyofukiwa pwani, ambayo huoza kwa miezi na kisha hupondwa na kusokotwa kamba. Na mwanamke aliyesokota kamba tangu utotoni, mikono yake haijui kukaa bure. Mjini alikuwa akisokota uzi wa cherehani wa mkwewe bila ya kujijua.

Basi gari lile lilikuwa ndilo suluhu iliyopatikana baina ya mama na mwana. Breki zake zilikuwa jambo zito.

Sababu ya ubovu haikuwa ngeni. Mwaka mmoja kabla, gereji moja ilikuwa imebadilisha pedi za nyuma, na fundi, kwa nia njema pengine, akazipaka pini za kutelezea grisi ile ile ipakwayo bearingi za magurudumu. Grisi ya petroli na raba za breki ni maadui. Raba huinywa, huvimba kama maharage yaliyorowekwa, hubana palipotakiwa pateleze. Juu ya hayo kuna hewa ya Malindi, ambayo ni chumvi tupu. Gari lililazwalo hatua mia kutoka majahazini huliwa na kutu usiku kucha, na kutu haina siku ya mapumziko.

Maalim akaazimia kuifanya kazi kwa mkono wake. Waliomjua walicheka, kwa kuwa umri wake wote alikuwa ameshika chaki. Barazani palisemwa mengi. Mmoja wa wazee, huku akisukuma kete za bao, alimwambia: "Yakhe, breki si jambo la kujifunzia. Jifunzie redio." Lakini Maalim alikuwa amepata nakala ya kitabu cha mafundi kilichoandikwa kwa Kiingereza, na kwa mazoea ya mtu aliyeishi baina ya lugha mbili alianza kwa kukifasiri katika daftari la mistari. Ukurasa wa kwanza tu ulimtia mashakani. Neno la ile raba iizuiayo mafuta kuvuja alilitafuta katika kamusi, nayo ikampa mnyama wa baharini wa nchi za baridi, na ikampa muhuri wa barua. Mafundi wa Ng'ambo, ambao hawangoji kamusi, huiita sili, na Maalim akaandika sili. Kalipa akaiacha kalipa. Akaongeza pambizoni, kwa faida yake mwenyewe, kwamba ni chuma mfano wa koleo kinachoikumbatia diski, chenye pistoni ndani. Mafuta yakiisukuma pistoni, pedi mbili huibana diski kutoka pande zote mbili kama vidole viwili vinavyozima utambi.

Jumamosi moja asubuhi aliyakinga magurudumu ya mbele kwa mawe, akaliinua gari nyuma kwa jeki, akatia magogo mawili ya mwembe chini ya chasisi, kwani jeki ni kitu cha kuinulia tu, wala hakiaminiwi na mwenye kuipenda roho yake. Mkewe alikaa kwenye usukani. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzitoa pistoni, na hapo ndipo wengi hukosea, wakazing'oa kalipa kwanza kisha wakahangaika na pampu. Kitu chenye nguvu ya kuisukuma pistoni iliyoganda kimo tayari ndani ya gari, nacho ni breki yenyewe. Maalim aliifungua kalipa ya kulia ikiwa bado imeunganishwa na bomba lake, akatoa pedi, akaweka kipande cha ubao mahali pao ili pistoni isije ikaruka na kumvunja vidole, akamwambia mkewe akanyage polepole.

Mkewe alikuwa mshonaji. Mguu uliokwisha kukanyaga cherehani miaka thelathini unajua tofauti ya kusukuma na kubembeleza. Pistoni ilikataa, ikakataa tena, kisha ikatoka kwa mlio mdogo kama wa meno yanayosagana. Wakaileta hadi karibu na ukingo, wakaiacha hapo. Wakafanya vivyo hivyo upande wa kushoto, ambako ilitoka bila ya ubishi. Ndipo mabomba yakafunguliwa, ncha zake zikazibwa, na kalipa mbili zikatiwa ndani ya pakacha na kupitishwa vichochoroni hadi nyumbani. Waliomwona Maalim akipita nalo wakiona linadondosha walidhani ametoka diko la Malindi kununua samaki, na wawili watatu walimuuliza bei.

Uani kulikuwa na meza ya zamani na jiliwa dogo. Mkewe alitoa beseni kuukuu na kuweka sharti moja, kwamba chombo chochote cha jikoni hakitaguswa. Sharti hilo lilikuwa la haki. Mafuta ya breki hubandua rangi ya gari, na tumboni ni sumu. Na jina lenyewe limewaponza wengi. Magari ya mwanzo yaliyotumia breki za namna hii yalitiwa mafuta ya mbarika yaliyochanganywa na alkoholi, kwa hiyo jina lilikuwa la kweli; ya leo aghalabu ni ya jamii ya glaikoli, ambayo si mafuta hata kidogo, huchanganyika na maji, na si hivyo tu bali huyaita. Chupa iliyoachwa wazi hunywa unyevu wa hewani. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi ichemke chini ya nyuzi 205, na ikishakunywa maji kiwango chake ni nyuzi 140; na yakichemka ndani ya bomba hutoa mvuke, mvuke hubanika, na mguu wa dereva huzama hadi sakafuni bila ya kukutana na kitu. Kisiwani, masika, mtu anaweza kuona kwamba kuyabadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili si israfu.

Ndani ya kalipa ya kulia yalikuwa meusi kama kahawa ya jana.

Maalim alizitoa sili kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, kwa kuwa chuma kikikwaruza mfereji wa sili hakuna raba mpya itakayoziba kosa hilo. Akaosha kila kitu kwa spiriti. Kisha akaiweka sili ya zamani juu ya kiganja akaitazama, na jambo alilolisoma juma zima akalielewa kwa mara ya kwanza.

Mtu hudhani kwamba ndani ya breki mna springi inayoirudisha pistoni mguu unapoondoka. Katika kalipa ya namna ile haimo. Kuna raba hii moja, pete nyembamba, na mkato wake ni wa pembe nne badala ya duara. Inakaa ndani ya mfereji wake na kuikamata pistoni kiunoni. Mguu ukikanyaga, pistoni husogea, nayo raba, kwa kuwa imeikamata, huvutika nayo na kupinda kidogo upande wa mbele. Mguu ukiondoka, raba hujinyoosha irudi kama ilivyokuwa, na katika kujinyoosha kwake huivuta pistoni nyuma, kiasi kisichofika milimita moja, kiasi cha unywele au nywele chache. Huko ndiko kuachia kote kwa breki. Pedi zikiwa zimechakaa na pistoni ikahitaji kwenda mbele zaidi, raba huiacha iteleze, kisha huikamata mahali papya. Ikiwa imevimba au imekauka, au kutu imeota juu ya chuma, haijinyooshi. Pistoni hubaki ilipo, pedi hubaki zimeilalia diski, na gari huungua likiwa linakwenda.

Alimwita mkewe aione. Mkewe aliipinda kwa vidole, akaiachia, akaitazama. "Imechoka," akasema, na akairudia kazi yake.

Gari lile lilikuwa na wepesi mmoja. Breki yake ya mkono ina viatu vyake vidogo ndani ya bakuli la diski, hivyo kalipa za nyuma hazina skrubu ndani. Katika magari mengine pistoni ya nyuma haina budi izungushwe ndipo irudi ndani, na aisukumaye kwa nguvu huiharibu. Uzito ulikuwa kwingine. Pistoni ya kushoto ilipofutwa ilitoka laini, rangi ya fedha iliyofifia. Ya kulia ilikuwa na vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na vishimo hivyo vilikuwa pale pale ambapo sili hupita.

Barazani shauri lilikuwa moja: "Piga msasa." Nalo ni neno zuri, msasa, karatasi ililichukua kutoka kwa mti wenye majani ya kukwaruza, ambao maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi haijaja. Na kwa hakika msasa ungeing'arisha pistoni ile hata mtu angejiona uso wake. Mashimo madogo yangebaki, utando wa kromu uliokwisha kutoboka usingerudi, na kwa chumvi ya Malindi kutu ingekuwa imeota tena kabla ya mwaka kupinduka. Nani angejua? Kalipa ikishafungwa, hakuna jicho la mwanadamu linaloona kilichomo. Maalim aliufikiria msasa siku mbili. Aliwahi kuwakaripia wanafunzi wengi kwa kuandika upya ukurasa wa kwanza tu wa daftari chafu.

Akampigia simu mpwa wake aliyeko Dar es Salaam, akamtajia namba iliyopigwa chapa juu ya kalipa, na kijana akaenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta pistoni moja, seti mbili za sili na raba za vumbi, washa za shaba nyekundu, na grisi maalumu ya raba. Haikupatikana upesi. Wiki ikapita, na ya pili. Gari lilibaki Malindi limekaa juu ya magogo, mkia juu, kama bata mwenye kuzamisha kichwa majini.

Siku ya kliniki ikafika. Maalim alikuwa amekwisha kupeleka habari Makunduchi kwamba atakodi teksi. Saa tatu asubuhi mlango ulibishwa hodi, na alipofungua alimkuta mama yake juu ya kizingiti, na mjukuu wa kike amemshika mkono. Walikuja kwa gari ya shamba.

"Shikamoo, mama! Umekuja na gari ya shamba?"

"Marahaba. Kwani wenzangu wanakuja na nini?"

Kliniki ilikwenda salama. Jioni bi mkubwa alitaka kurudi. Maalim alikataa katakata, akitaja msongamano, mvua, na presha yenyewe; akasema atarudishwa kwa gari likishatengenea, siku mbili tatu tu. Mjukuu, aliyekuwa na skuli, akarudishwa peke yake. Bi mkubwa akapandishwa ngazi hadi kile chumba cha dirisha la paa.

Kifurushi kiliteremka kwenye boti Jumamosi. Maalim alikwenda bandarini kukichukua, akakileta nyumbani, akakiweka juu ya kabati.

Jumapili palikuwa na mvua. Jumatatu palikuwa na hitima. Jumanne asubuhi bi mkubwa, akinywa chai, aliuliza kama alivyokuwa akiuliza kila siku: "Gari imepona?" Mwanawe akajibu kwamba spea bado, na kijiko cha mkewe kikasimama ndani ya kikombe. Ilikuwa raha kuu kuwa naye pale. Alikuwa akimsikia akikohoa usiku na kujua kwamba amekohoa. Alikuwa akirudi msikitini na kumkuta dirishani. Mtu wa miaka sitini na mbili ambaye mama yake yupo nyumbani kwake huwa kijana, na hakuna tajiri wa Forodhani awezaye kuinunua hali hiyo. Bi mkubwa, kwa upande wake, hakulalamika. Alikuwa ameokota utepe wa kitambaa chini ya cherehani, ameupasua nyuzi nyuzi, na ulikuwa umekwisha kuwa kamba ya urefu wa pima moja, isiyo na kazi yoyote duniani.

Usiku ule mkewe alisema gizani: "Maalim, kile kifurushi cha boti hakijafunguliwa."

"Najua."

"Mama anakihesabu kama mimi. Anajua kusoma sanduku la Dar es Salaam."

Jumatano baada ya alfajiri meza ya uani ilitandikwa karatasi safi. Alizirowesha sili mpya katika mafuta mapya ya breki, akaziingiza katika mifereji yake kwa ncha za vidole, akipitisha kidole pote kuhakikisha hazikujisokota. Raba za vumbi zikafuata. Kisha pistoni, nazo zimepakwa mafuta yale yale. Zinatakiwa ziingie wima. Zikiinama hata kidogo hukwama, na atiaye nguvu hapo huikata sili asijue ila siku ya shari. Ya kushoto iliingia. Ya kulia, ile mpya, aliisukuma kwa vidole gumba viwili, ikakataa, akaitoa, akapumua, akairudisha. Mara ikateremka yenyewe kwa utulivu, kwa uzito sawa pande zote, kama sahani izamavyo katika maji matulivu. Bi mkubwa alikuwa ameteremshwa uani akae juani, akaona.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiunguza?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa haiachii."

"Ehe," alisema bi mkubwa, na akaendelea na kamba yake.

Alasiri kalipa zilirudi Malindi ndani ya pakacha lile lile. Pini zikapakwa grisi ya raba, washa mpya zikawekwa, bolti zikakazwa. Ikabaki kutoa upepo. Mafundi huanza na gurudumu lililo mbali kabisa na masta silinda. Na gari la usukani wa kulia, ambalo masta silinda yake imekaa mbele kulia, la mbali ni la nyuma kushoto. Maalim akavisha kibomba cha plastiki juu ya kibolti cha kutolea upepo, ncha ya pili ikiwa imezama katika chupa yenye mafuta kidogo, akajilaza chini. Mkewe akashika nafasi yake.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Akafungua robo mzunguko, mafuta yakaja na mapovu, akafunga. "Wachia."

Huo ndio utenzi wa kazi hiyo, na hauna beti nyingine. Mfaransa Blaise Pascal wa karne ya 17 alionyesha kwamba maji yaliyofungwa yakisukumwa mahali pamoja husukuma pote kwa kiasi kimoja. Hewa haina uaminifu huo, hubanika na kukaa kimya. Basi povu moja lililobaki humfanya mtu akanyage hewa. Walirudia mara kumi, mara ishirini. Mapovu yalikwisha chupani. Wakahamia kulia, yakaisha pia. Lakini kila mkewe alipokanyaga, pedali ilikuwa ikizama laini kama godoro la sufi.

"Haina kitu chini," alisema.

Wakaanza upya. Jua lilikuwa linashuka juu ya majahazi, na chupa ya pili ya mafuta ilikuwa imebaki nusu. Maalim alianza kuwaza kwamba amekata sili, kwamba kesho atamwambia mama yake wiki moja zaidi, na safari hii itakuwa kweli. Dereva mmoja wa teksi aliyekuwa akingoja abiria wa boti ya jioni alikuja, akachutama, akachungulia gurudumu la kushoto, kisha la kulia, akainuka akipangusa mikono ambayo haikushika kitu.

"Maalim," akasema kwa adabu, "umezivisha viatu. Cha kulia umekitia mguu wa kushoto."

Ilikuwa kweli. Kalipa mbili zile zinafanana kama pacha, na kila moja hukubali kufungwa upande wa mwenziwe. Tofauti ni kwamba kibolti cha kutolea upepo, kinachotakiwa kiwe juu, hutazama chini. Na hewa, ambayo haijapata kuteremka tangu dunia iumbwe, hukusanyika juu ya pistoni na kubaki hapo ikicheka. Kitabu kilikuwa kimesema hivyo kwa herufi nzito. Maalim alikuwa ameyafasiri maneno hayo katika daftari lake, kwa Kiswahili fasaha, ukurasa wa tisa.

Dereva wa teksi alimshikia tochi. Kalipa zikabadilishwa, bolti zikakazwa upya, na mkewe, aliyekuwa hajashuka wala hajasema neno, akakanyaga. Safari hii mapovu yalitoka makubwa, kwa kishindo, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi. Baada ya mara ya saba mguu wake ukasimama juu kabisa.

"Jiwe," alisema.

Usiku huo, barabara ikiwa tupu, Maalim aliliendesha gari polepole hadi Bububu na kurudi, akikanyaga na kuachia pasipo na sababu yoyote, na kila baada ya kitambo akishuka kugusa rimu.

Waliondoka Alhamisi saa mbili asubuhi. Bi mkubwa alikaa kiti cha nyuma na bakora yake magotini, na kamba yake imeviringwa ndani ya mkoba. Tunguu wakapita bila ya kusimama. Jozani mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mikono ya miti ilidondosha maji juu ya kioo. Tuta la kwanza, la pili, la tatu. Gari lilikuwa likipunguza mwendo na kuondoka, likipunguza na kuondoka, bila ya mlio. Kima watatu walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara, mmoja na mtoto wake kifuani. Maalim akasimama kabisa, nao wakavuka kwa nafasi zao, mama akiwa wa mwisho.

Walipoliacha tuta la mwisho aliliweka gari kando, akavuta breki ya mkono, akashuka. Akaigusa rimu ya kushoto kwa mgongo wa kiganja. Akazunguka akaigusa ya kulia. Akarudi akaigusa ya kushoto tena.

"Unajipuliza vidole?" mama yake aliuliza.

"Sijipulizi, mama. Zote sawa."

"Basi twende, mwanangu. Maji yanajaa, nami nina makumbi pwani."

Maalim akaingia, akaifungua breki ya mkono, na gari likashika njia ya Kitogani.